Mahali Nyeri Inapoishia

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema mapema ili asiyependa watu wa namna hiyo aende zake. Jina langu ni Watiri, nashona nguo kwenye veranda ya duka la Mama Chetan hapa Nyeri mjini, na siku mwanawe aliposema kwamba Nyeri si jiji nilikuwa na pini mdomoni. Nusura nizimeze.

Mama Chetan jina lake ni Gomti. Anauza sare za shule, hasa masweta, na katika mji wenye baridi kama huu hiyo ni biashara isiyolala njaa. Alizaliwa Karatina, akaolewa hapa na marehemu Mzee Pankaj, na Kikuyu anachozungumza kinashinda cha wajukuu wangu. Nilipotoka Gakindu nikiwa na mtoto mgongoni na cherehani ya kuazima, yeye ndiye aliyeniambia niiweke hapo verandani pake. Nilidhani ni kwa siku chache. Munene wangu alijifunza kutembea akishikilia rafu za masweta, na leo ana watoto wake mwenyewe. Kila ninapokaa kushukuru Mungu, huyo mama namtaja mapema sana.

Chetan ni mwanawe wa pekee. Alisoma hapa hapa, akaenda Uingereza kuendelea na masomo, akakaa huko katika mji uitwao Leicester. Julai ya mwaka jana, ukungu wetu ukiwa umeganda mjini tangu asubuhi hadi jioni, Mama Chetan aliteleza kwenye ngazi za nyuma za duka akavunjika mkono. Chetan alifika wiki hiyo hiyo. Alimpikia mamake, alimfunga viatu, alimpeleka hospitali kila alipoitwa. Siwezi kumsingizia, ni mtoto mwema. Lakini mkono ulipoanza kupona, akaanza ile hotuba yake.

“Ba,” akasema, maana ndivyo wao wanavyomwita mama, “hapa huwezi kuendelea kukaa peke yako. Leicester ni jiji. Kuna hospitali kubwa, kuna hekalu karibu, kuna watu wetu kila kona. Hii Nyeri ni soko tu yenye imenenepa.”

Hapo ndipo pini ziliponikwama.

“Nyeri ni jiji,” Mama Chetan akasema, bila hata kuinua macho kutoka kwenye sweta aliyokuwa akiikunja kwa mkono mmoja.

“Kwa kipimo gani?”

“Kwa kipimo yako. Si hiyo ndiyo kazi unafanya huko? Pima.”

Chetan akacheka. Nikatema pini, nikamwambia aeleze basi hiyo kazi yake ni ipi, kwa sababu miaka yote hii nilikuwa nikisikia tu kwamba anafanya mambo ya miji na sikujua kama anaijenga au anaifagia. Akavuta stuli, akaketi kando ya cherehani yangu kama alivyokuwa akifanya akiwa mvulana wa shule.

“Auntie Watiri, ukiambiwa jiji moja ya Brazili ni kubwa kuliko ingine ya Japani, utajua aje kama ni ukweli? Nchi moja inahesabu watu wa katikati peke yake. Ingine inahesabu mpaka mashamba, ng'ombe ndio wamejaa huko. Mtu alichora mpaka zamani, labda akiwa na haraka ya kwenda kula, na huo mpaka ndio watu wanaita jiji mpaka leo. Ukilinganisha hizo mbili unajidanganya.”

“Ni kama sweta,” nikasema. “Saizi kumi ya kiwanda moja si saizi kumi ya ile ingine.”

“Ndio hivyo. Sasa wewe unafanyanga nini?”

“Naachana na namba. Napima kifua ya mtoto.”

“Basi na sisi tunapima kifua.”

Akanieleza, na nilimwelewa, kwa hiyo nawe utaelewa. Wanaachana na mipaka ya serikali, wanatazama watu asubuhi. Kituo fulani cha biashara kikiwa nje ya mji, wanauliza wafanyakazi wake wanakwenda kazini wapi. Katika kila watu mia, kumi na watano au zaidi wakiwa wanaingia mjini kufanya kazi na kurudi kulala kwao, basi kituo hicho ni sehemu ya jiji, hata kama kati yao kuna shamba la kabeji. Wasipofika, kiko nje. Na kipimo ni hicho hicho kwa kila nchi, iwe tajiri iwe maskini.

“Basi pima Nyeri na hiyo,” Mama Chetan akasema. “Ikikosa, nitafunga sanduku twende. Ikipita, hutanisumbua tena na maneno ya Leicester.”

Chetan akaacha kucheka. Alimtazama mamake kwa muda, akaona hatanii. Wakakubaliana juu ya vituo vitatu: Mweiga, Gakindu na Chaka. Viwili vikiingia ndani ya Nyeri, mama anabaki. Vikishindwa, anaondoka. Chetan alikiri kwamba ofisini kwao wangemfukuza kwa kupima jiji namna hiyo, mtu mmoja na vituo vitatu, lakini kipimo chenyewe, akasema, hatakipindisha.

Alipotoka kwenda kununua maziwa, nilimgeukia Mama Chetan. Nilimuuliza ni mama gani anajiweka rehani hivyo. Nilimuuliza kama ameona mimi nitakaa na nani hapo verandani. Nilisema mengi.

“Watiri,” akanijibu pole pole, “huyu mtoto ameniomba hii kitu kwa simu kila Jumapili tangu babake afe. Nimechoka kumwambia hapana bila sababu. Wacha nimpe sababu yenye anaheshimu.”

Nikanyamaza. Si jambo ninalolifanya mara nyingi.

Kesho yake nilitangaza kwamba nitaandamana na Chetan. Sababu niliyotoa ni kwamba watu wa huku hawatamjibu mgeni aliyevaa koti zuri. Sababu ya kweli ni kwamba sikumwamini. Nikachukua makopo mawili ya biskuti na mfuko wa vifungo. Kifungo cheusi kwa kila mfanyakazi anayekwenda Nyeri, cheupe kwa kila anayefanya kazi kwingine. Chetan alikuwa na simu ya kuhesabia, lakini alipoviona vifungo akairudisha mfukoni.

Mweiga ilikuwa rahisi. Baridi ilishuka kutoka milima ya Nyandarua ikatukata masikio, watu wakaja barabarani na mitungi ya maziwa, na kila tuliyemsimamisha alitaka kwanza kujua anapewa nini.

“Mnaandikisha watu wa nini?” mzee mmoja akauliza. “Kuna mbegu ya waru ya bure?”

Nikamwambia hakuna viazi vya bure, tunapima jiji. Akaniangalia, akamwangalia Chetan, akasema ana ng'ombe wa kukamua na akaenda zake. Hata hivyo, walimu walikuwa wakishuka Nyeri, wauguzi walikuwa wakishuka Nyeri, wauzaji wa madukani pia. Vifungo vyeusi vilijaa vizuri. Chetan akakubali bila ubishi kwamba Mweiga imo ndani, na njiani nikaimba.

Gakindu ni kwetu. Nilivaa kitambaa changu kizuri cha kichwa na nikamwonya Chetan ajiandae kushindwa. Ajabu ya Mungu, watu wangu wakaniangusha. Huyu ana kahawa yake, yule ana duka, mwingine anafundisha shule ya papo hapo, na vijana waliohama walikuwa wamekwenda Thika na Nairobi na kulala huko huko. Binamu yangu Theuri alisimama mbele yetu mikono ikiwa nyuma.

“Nyeri? Ati nifuate nini Nyeri? Kila kitu niko nayo hapa.”

“Si ulikuja kwangu Krismasi?” nikamkemea.

“Hiyo ilikuwa kula, haikuwa kazi.”

Kopo la vyeupe likawa zito mkononi mwangu. Ndani ya gari Chetan alijaribu kunibembeleza.

“Auntie, hiyo si matusi. Ni kusema tu Gakindu inajitegemea.”

Mtu ametoka mahali, amefanya kazi Nyeri zaidi ya nusu ya maisha yake, halafu anaambiwa mahali hapo pako nje. Mweiga ndani, Gakindu nje. Ilibaki Chaka peke yake, na Mama Chetan alikuwa amening'inia hapo.

“Twende siku ya soko,” Chetan akasema. “Siku ya soko ndio watu wanapatikana.”

“Hiyo ni kweli kabisa,” nikasema, na nilimaanisha. Mtu yeyote aliyelelewa huku angesema vivyo hivyo.

Tulifika Chaka mapema. Mlima Kenya ulikuwa wazi, theluji yake ikimetameta, na malori ya vitunguu yalikuwa tayari yamejipanga kando ya barabara ya Nanyuki. Watu walikuwa wengi ajabu, wakitandika magunia, wakipanga mitumba, wakigombania nafasi. Tukaanza kuuliza. Huyu leo anauza hapa hapa. Yule anapakua hapa hapa. Mwingine amefungua hoteli mapema kwa sababu ya wageni. Vifungo vyeupe vilianguka kama mvua ya Aprili, na vyeusi ungeweza kuvificha kwenye kiganja.

Kilichonichoma zaidi ni kusalimiwa. Kim, kinyozi wa mlango wa pili kutoka kwetu, alinipungia mkono akiwa na gunia la kabeji begani. Tabby, anayeuza nyuzi na zipu ng'ambo ya duka letu, alikuwa ametandika bidhaa zake chini ya mwavuli.

“Watiri! Na wewe umekuja?” akaita kwa furaha.

Nilimjibu kwa ufupi mpaka akaduwaa. Kichwani mwangu mlikuwa na jambo moja tu: tumeshindwa, na mimi ndiye nimebeba makopo.

Chetan hakujigamba, hilo nalo nalisema. Tuliporudi alimwaga vifungo juu ya kaunta mbele ya mamake. Mama Chetan akavitazama, akavitenganisha kwa kidole kimoja, vyeusi huku, vyeupe kule. Kazi ilikuwa ndogo.

“Sawa,” akasema. “Niteremshie sanduku. Iko juu ya kabati.”

Sijawahi kumsikia akibishana na neno alilolitoa mwenyewe. Chetan akapanda kiti, akaliteremsha, akalipangusa vumbi. Mama Chetan akaanza kukunja sari yake ya bluu, akishikilia pindo kwa meno kwa sababu mkono mmoja ulikuwa bado kwenye kitambaa. Nikashindwa kuvumilia. Nilianza na watu wa Chaka, nikasema ni watu bure kabisa, hawana shukrani, wakiugua wanakimbilia wapi kama si Nyeri? Nikaja kwa Chetan na kipimo chake. Nilikuwa nimesimama katikati ya duka na wateja wawili walikuwa wametoka.

“Watiri, keti,” Mama Chetan akasema. Kisha, nadhani ili kunituliza tu, akauliza, “Huko Chaka uliona nani?”

“Niliona nani? Uliza ni nani sikumwona! Kim alikuwa huko, amefunga duka yake ya kinyozi ananunua kabeji. Tabby ametoa zipu zote akapeleka huko. Wamae wa viatu alikuwa huko na viatu yake. Hata yule mama wa chai alikuwa huko na chai! Mtaa yetu yote leo ilikuwa Chaka, ndio maana tangu nirudi hakuna mtu ameniletea hata kikombe!”

Niliyasema kwa hasira tupu. Sikuwa nikifikiria lolote zaidi ya chai.

Chetan alikuwa amepiga goti akijaribu kufungua zipu ya sanduku iliyokwama. Mikono yake ikasimama.

“Ba,” akasema. “Usipange.”

“Kwa nini?”

“Tulienda siku ya soko.”

Mamake akangoja. Mimi sikuelewa bado.

“Siku ya soko watu wa Chaka hawaendi Nyeri,” akasema. “Wanabaki kuuza. Nyeri ndiyo inaenda kwao. Hatukupima jiji, tulipima soko. Kule kazini mtu akiniletea hesabu ya siku kama hiyo, ningemrudishia na maneno makali.”

“Na wewe ulienda kwa nini?”

Chetan akaketi sakafuni kabisa. Alianza kucheka, lakini macho yake yalikuwa yamelowa.

“Kwa sababu ya Baba. Si alikuwa anapakia masweta kwa pikapu kila siku ya soko? Si alikuwa ananiambia, ukitaka watu, nenda soko? Nimepima miji ya nchi nyingi, Ba, na kila mahali kitu ya kwanza nauliza ni leo ni siku gani kwa hawa watu. Hapa sikuuliza. Hapa sikuona kama kuna kitu sijui. Hapa ni kwetu.”

Mama Chetan akaiweka sari chini.

Nataka hili lieleweke, kwa sababu nilikuwepo. Chetan alikuwa ameshinda. Sanduku lilikuwa limefunguliwa, mamake alikuwa anakunja nguo, na mimi nilikuwa nimeshika jibu mkononi bila kulijua, nikilalamikia chai. Angefunga mdomo wiki moja tu, wangekuwa ndani ya ndege. Hakufunga. Ile miaka yote nilikuwa nimemwona kama mtu aliyetoka akatuacha, na siku hiyo nilimwona kama mtoto wa Pankaj, ambaye hakuwahi kumdanganya mteja hata inchi moja.

“Asante, Chetan,” nikamwambia.

“Ya nini, Auntie? Bado hatujahesabu.”

Tulirudi Chaka siku ya kawaida. Safari hii Mama Chetan alikataa kubaki. Aliketi kwenye kiti cha mbele cha gari, shali mabegani, makopo mawili mapajani, na kila tuliyemuuliza, jibu lake tulimtangazia Mama Chetan kwa sauti naye akatia kifungo. Barabara ilikuwa na watu wengine kabisa. Walikuwa wamevaa viatu vilivyopakwa rangi, wamebeba chakula cha mchana, wana haraka. Karani. Mwalimu. Mpishi wa hoteli. Fundi wa meno. Msichana mmoja alisema anafanya kazi katika duka ng'ambo ya letu, na aliponitambua akacheka.

“Si ni wewe ulinishonea hii sketi?”

“Nyeusi!” nikamwitia Mama Chetan, nikipaza sauti kuliko ilivyohitajika. “Weka nyeusi!”

Chetan alihesabu mara mbili, kwa kuwa ni yeye. Kisha akanyoosha mkono, akaushika ule mkono mzima wa mamake.

“Chaka imeingia. Imeingia sana. Nyeri ni jiji, Ba. Ndogo, lakini ni jiji na viunga vyake, kwa kipimo ile ile ya Leicester.”

Tukaingia hoteli ya kando ya barabara kusherehekea. Niliagiza chai na mandazi ya watu sita tukiwa watatu. Nilikuwa nimejawa na furaha hata nikamsamehe Theuri. Mama Chetan alikoroga chai yake kwa muda mrefu.

“Chetan,” akasema. “Na wewe uko kwa jiji gani?”

“Leicester, Ba. Si unajua.”

“Asubuhi unaenda kazi wapi?”

“Siendi. Siku hizi nafanyia nyumbani. Kwa meza ya jikoni.”

“Na ni nani anakuja kwako?”

Chetan akatazama barabarani. Nilijua kidogo habari za nyumba hiyo. Yeye na mkewe walikuwa wametengana zamani, na binti yao Jigna alikuwa amepata kazi Kanada.

“Kwa kipimo yako,” mamake akaendelea kwa upole, “mtu mwenye haendi mahali na hakuna mtu anakuja kwake, yuko ndani ya jiji gani?”

“Hakuna,” Chetan akasema. Akasogeza sahani ya mandazi, akairudisha ilipokuwa. “Hiyo nyumba iko kimya sana, Ba. Jigna alipoenda nilianza kuwasha redio kila chumba.”

“Kwa nini hukuniambia hivyo?”

“Ungesema nini?”

“Ningekuja siku hiyo hiyo! Miaka hii yote umekuwa ukiniambia ati mimi ndiye nakuhitaji. Ati mimi ni mzee, ati Nyeri haina hospitali. Hukuwahi kuniambia wewe ndiye unanihitaji. Ungesema hivyo mara moja tu, Chetan, ningefunga duka nije.”

Akaanza kulia, na Chetan naye, pale hotelini mbele ya watu wa Chaka. Mimi sikulia. Mimi nilikuwa nimeshika andazi bila kulila, kwa sababu nilikuwa nimetoka kushinda na sasa nilikuwa naona nikishindwa mara ya pili, na safari hii kwa haki. Ningemwambia nini? Mama na mtoto wake. Nikasema moyoni, Mungu, umenipa huyu mama muda mrefu kuliko nilivyostahili. Asante. Na hata katika shukrani hiyo nilikuwa na hasira kidogo.

Mama Chetan akajifuta uso kwa shali.

“Hiyo kazi yako iko kwa meza, si ndio?”

“Ndio, Ba.”

“Meza tuko nazo hapa.”

Chetan akamtazama. Akasema pole pole kwamba ofisi yao huwaruhusu kufanyia kazi nchi nyingine kwa wiki kadhaa kila mwaka. Alikuwa hajawahi kuomba, kwa sababu hakuwa na pa kwenda.

“Basi omba. Desemba na Januari uko hapa. Huko kwenu ni giza na barafu, na hapa shule zinafungua, masweta yanatoka, mimi na Watiri tunalemewa. Asubuhi utauza na sisi, mchana utafanya hiyo kazi ya meza. Na Julai mimi nitakuja kwako. Hii baridi ya Julai imenivunja mkono, hainidai kitu.”

“Na duka?” nikauliza.

Alinigeukia kana kwamba nimeuliza jua litatokea upande gani.

“Si uko? Utaingia ndani. Umekaa kwa hiyo veranda ukipigwa na upepo kwa sababu wewe ni mkaidi. Ni mara ngapi nimekuambia uingize hiyo cherehani?”

Ni kweli, alikuwa ameniambia. Mimi ndiye niliyekataa nisije nikamjazia duka.

Kabla hatujainuka alichukua kifungo kimoja cheusi kilichokuwa kimebaki mfukoni, akakidondosha kwenye kopo la Nyeri.

“Hiyo ni ya nani?” Chetan akauliza.

“Ni yako.”

“Ba, mimi siishi Chaka.”

“Kunywa chai.”

Alikuja Desemba kama alivyoahidi. Januari nzima alisimama dukani na futi ya kupimia shingoni, akipima vifua vya watoto wa Mweiga na wa Chaka, na hata wa Gakindu, ambao kumbe sweta hununua Nyeri ingawa kazi hawafanyi. Sikuacha kumkumbusha. Wazazi waliomjua tangu zamani waliingia kumsalimia wakatoka na sweta ambayo hawakuwa wameipanga. Mama Chetan aliketi nyuma ya kaunta akimtazama, na sijamwona akiwa na uso wa namna ile tangu mzee alipokuwa hai.

Sasa ni Julai tena. Ukungu umekaa, na mama yuko Leicester. Mimi niko ndani ya duka, cherehani yangu iko karibu na dirisha, mgongo wangu una joto, na ufunguo uko kwenye kamba shingoni. Nilidhani nitakuwa na huzuni, na asubuhi ya kwanza nilikuwa nayo. Lakini kila ninapoinua macho naona rafu alizozishikilia Munene akijifunza kutembea, nami nashukuru kwa sauti, hata wateja wakisikia.

Jana walinipigia simu. Nyuma ya sauti ya Chetan nilisikia sufuria zikigongana na Mama Chetan akimlalamikia jirani kuhusu chumvi. Redio sikuisikia. Nikamwambia Chetan kwamba nimefanya hesabu yake.

“Ipi, Auntie?”

“Nyumba yako. Hapo kwako kuna wafanyakazi wangapi?”

“Mmoja. Mimi.”

“Na huyo mmoja mwezi wa kwanza anakuja kufanya kazi wapi?”

“Nyeri.”

“Basi ni wangapi katika mia?”

Akaanza kusema kwamba kipimo kinataka mtu aende na kurudi kila siku, nikamsikia akiikatiza sentensi yake mwenyewe. Kisha akacheka, akacheka mpaka mamake akaja kuuliza ni nini.

“Auntie Watiri anasema hii nyumba iko ndani ya Nyeri,” akamwambia. “Anasema ni mia kwa mia.”

Nikamsikia Mama Chetan akimjibu, mbali kidogo na simu, sauti yake tulivu kama anayekunja sweta.

“Si nilikuambia ni jiji.”